Wanafunzi wanataka kukacha vipindi waende maandamano: rejista, adhabu na usalama vipi?

MwalimuWaZamu
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Wanafunzi kama 40, wa miaka 15 hadi 17, wanataka kukacha vipindi vya Ijumaa mchana wakaandamane. Wazazi wengine wameafiki, wengine hawana habari. Walimu nao wamegawanyika: kuna wanaotaka geti lipigwe kufuli na watakaotoka wasimamishwe wiki 2, na kuna wanaosema tuwaache tu. Kwenye rejista waandikwe nini? Adhabu iishie wapi? Na wakishatoka, tufanye nini wasidhurike?

Karani_wa_Rejista
Mwalimu, anza na rejista, maana ndiyo itakayoulizwa mambo yakiharibika. Andika kilichotokea. Mwenye barua ya mzazi: "hayupo, mzazi ametoa taarifa". Asiye nayo: "hayupo bila ruhusa". Usimwandike mtu "mgonjwa", hata mzazi mwenyewe akikuomba. Mtoto akiumia barabarani saa nane mchana huku rejista inasema yuko nyumbani kalala, hakuna atakayejua amtafute wapi.

Siku hiyo majina yaitwe kila kipindi. Wengi huitika asubuhi, wakapotea wakati wa mapumziko, na rejista ya asubuhi ikaendelea kusema wapo. Dakika 10 baada ya kipindi cha kwanza cha mchana kuanza, orodha ya wasioonekana iwe ofisini na wazazi waanze kupigiwa simu.

Barua itaje saa ya kutoka, mtu mzima atakayekuwa na mtoto na namba yake ya simu, na kama mtoto atarudi shule au ataenda moja kwa moja nyumbani. Ziwe nakala 2, moja igongwe muhuri abaki nayo mzazi. Mwisho wa kupokea uwe Jumatano, ili Alhamisi uthibitishe kwa simu. Piga namba iliyo kwenye faili la mwanafunzi, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Barua za kughushi zina dalili yake: zipange mezani sambamba, utaona kalamu moja, "g" ya aina moja, sahihi za wazazi 10.

SheriaNaShule
Kuhusu adhabu, kipimo changu ni hiki: aliyekacha nusu siku akaenda kuangalia mpira, shule yenu humpa nini? Aliyeenda maandamano naye mpe hiyohiyo. Ukiongeza, hiyo ziada unaadhibu maoni yake, na ukipunguza kwa sababu unapenda madai yao, umekosea vilevile.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una vifungu viwili vya kusomwa pamoja hapa. Cha 15 kinatambua haki ya mtoto kukusanyika kwa amani. Cha 28 kinahusu elimu, na kinataka nidhamu ya shule ilinde utu wake. Hakuna kinachofuta kingine.

Wanafunzi hupenda kutaja kesi ya Tinker ya Marekani, na wengi huielewa nusu. Desemba 1965 wanafunzi wa Des Moines walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa shule. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2. Lakini wale walikuwa darasani na hawakuvuruga masomo. Hukumu ile inalinda kitambaa. Haimruhusu mtu kukacha vipindi.

Mkitaka njia ya kudumu, wilaya ya Fairfax, Virginia, hukohuko Marekani, ilianza Januari 2020 kuwapa wanafunzi wa darasa la 7 hadi 12 ruhusa 1 kwa mwaka ya kukosa masomo kwa shughuli za kiraia, kwa idhini ya mzazi.

Geti msilifunge kwa kufuli. Vijana 40 wakisukumana mbele ya geti lililofungwa, wa mbele hubanwa na wa nyuma huparamia ukuta. Mwekeni mwalimu mwenye karatasi, aandike jina na saa ya kutoka.

Mratibu_Mtaani
Naongeza upande wa barabarani, kwa sababu "tuwaache tu" ndiyo sera inayoumiza watoto. Walimu wasiwaongoze, hilo liko wazi, lakini waiteni Alhamisi dakika 30 muwape maelekezo haya.

Watembee wawili wawili, na kila watoto 5 au 6 wawe na mtu mzima mmoja. Wakubaliane sehemu 2 za kukutania, zote nje ya njia ya maandamano, pamoja na saa ya kuondoka. Mtandao huelemewa watu wakijaa: ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu inapogoma. Namba ya mzazi iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika, kwani simu huanguka na chaji huisha. Viatu vya kufunika vidole, maji lita 1, na mwenye pumu inhela yake iwe mfukoni mwake, si kwenye begi la rafiki. Wanaovaa lenzi za kubandika machoni wavae miwani.

Moshi wa machozi ni mzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na mitaroni. Wasijifiche huko. Waende juu, upepo ukiwapiga usoni kutoka kusiko na moshi. Wasifikiche macho. Wasuuze kwa maji safi dakika 10 hadi 15, kutoka kona ya pua kwenda nje. Mafuta na losheni ya mafuta wasijipake asubuhi, maana hushikilia ile kemikali kwenye ngozi. Nyumbani nguo ziingie kwenye mfuko peke yake, na nywele zioshwe kichwa kikiwa kimeinama mbele, maji yasimwagikie machoni.

Sare ibaki nyumbani. Picha moja yenye nembo ya shule na uso wa mtoto ikishasambaa hairudi. Na akitokea mtu mzima anayegawa pesa au usafiri wa bure, watoto waondoke hapo. Huyo anatafuta idadi.

Karani_wa_Rejista
Wale ambao wazazi wamekataa msiwasahau. Tarehe 14 Machi 2018 wanafunzi wengi Marekani walitoka madarasani dakika 17, moja kwa kila aliyeuawa kwa risasi katika shule ya Parkland, Florida, kisha wengi wakarudi vipindini. Kwa hao waliokataliwa, kusimama hivyo uwanjani dakika chache ndani ya uzio wa shule kunawezekana.

MwalimuWaZamu
Asanteni sana. Limebaki moja: Ijumaa saa nane kuna jaribio la hesabu, wanaomba lisogezwe.

SheriaNaShule
Msilisogeze, mtawaonea waliojiandaa na kubaki. Wenye barua wafanye Jumatatu, ila karatasi iwe nyingine ya ugumu uleule, maana maswali ya Ijumaa yatakuwa kwenye simu zao kabla ya jioni.