Mashine ya kuongeza unyevu chumbani: ya moto au ya baridi?

Mama wa Raskazone: Wadau, chumba cha watoto kinalala na kiyoyozi, asubuhi koo kavu. Nichukue mashine ya mvuke wa moto au ya ukungu baridi?

Fundi Baridi, Ngamiani: Dada, kwanza nunua kipimo cha unyevu. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, mashine ya nini? Ukizidisha hapo, kuta zinaota kuvu, na nguo kabatini zinanuka. Tanga hewa yenyewe ina maji. Kiyoyozi ndicho kinachoyatoa, ndiyo yale yanayochuruzika kwenye bomba la nje. Kiweke nyuzi 26, geuza mapezi ya kuelekeza hewa yasiwapulizie watoto usoni. Mara nyingi yanaishia hapo.

Chumbageni: Kikisoma chini ya 40 kweli, chukua ya ukungu baridi. Ile ya moto mtoto akiiangusha anaungua. Lakini zile za baridi za mtetemo, zinazotikisa maji mpaka yawe ukungu, hurusha kila kilichomo majini. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa yataacha vumbi jeupe mezani, na watoto watalivuta. Kuchemsha hakuondoi chumvi; tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Kila asubuhi mwaga, kausha tangi. Kila siku ya 3 sugua kwa siki nyeupe, suuza mpaka harufu iishe.

Mama wa Raskazone: Na maji ya kiyoyozi? Hayana chumvi.

Fundi Baridi, Ngamiani: Hapana, tafadhali. Yamepita kwenye vumbi na utelezi wa trei ya kiyoyozi inayokusanya maji, yamebeba vijidudu. Mwagilia maua.