Fundi, kupaka lami juu ya kutu si kutengeneza sakafu ya gari!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Nina Volkswagen Beetle ya zamani, gari ninalolipenda kupita kiasi. Miezi minane iliyopita nililipeleka gereji kwa sababu sakafu ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Tulielewana vizuri: kata bati bovu lote, chomelea jipya. Nikarudishiwa gari likiwa limepakwa lami nyeusi inayong'aa kwa chini, na ndani zulia limebandikwa kwa gundi. Nikalipa yote, nikashukuru.

Mvua zilipoanza, kila nikikanyaga klachi nasikia maji chini ya kisigino. Juzi nikang'oa zulia. Nikakuta bati jembamba limepigwa ribiti juu ya bati la zamani, kingo zimezibwa kwa silikoni. Nikatoboa ribiti kwa drili, nikalinyanyua. Jamani! Kutu yote iko palepale, haijaguswa hata na brashi ya waya. Imeachana tabaka tabaka kama magamba, na katikati ya yale mabati mawili maji yametulia. Nikachukua bisibisi, nikaisukuma kwa vidole viwili tu, ikazama hadi mpini. Nilipoichomoa nikaona ardhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari limerudi bovu kuliko lilivyokwenda. Kutu inataka maji na hewa, basi. Ukilaza bati juu ya bati lililooza umeitengenezea mfuko wa kuhifadhi maji. Na lami iliyopakwa juu ya unga wa kutu haishiki. Inaachia pembeni, maji yanaingia nyuma yake na hayakauki tena. Bati linaoza huku kwa nje linang'aa. Bora angeliacha wazi, ningeona.

Na hii si habari ya sura tu. Kwenye Beetle, sakafu na ile tuneli ya katikati, yaani lile tuta la bati linalopita kati ya viti, ndiyo uti wa mgongo wa gari, bodi inafungwa juu yake kwa bolti. Reli za viti zimeshikwa hapohapo. Nikigongwa, kiti changu kimeshikwa na nini? Na silikoni? Chini ya kiti cha nyuma, inapokaa betri, mahali ambapo asidi hula bati na kila fundi wa gari hizi anapajua, nako ni lami juu ya kutu.

Msiniambie kazi ni ngumu. Ni ngumu, ndiyo maana nililipa. Unatoa viti, zulia, betri na tenki. Bomba la petroli linapita ndani ya tuneli, kwa hiyo cheche zozote karibu yake ni hatari kubwa. Unabandua lami ya kiwandani kwa patasi, halafu unagonga kwa nyundo: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti nzito iliyokufa. Unakata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litaishia kuwa dirisha. Unachomelea kwa nukta, huku kidogo na kule kidogo, bati lisipate joto likapinda. Kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha unaziba maungio. Lami ndiyo ya mwisho kabisa, na huyu kwake ndiyo ilikuwa kazi yote.

Nimempigia simu, ananijibu eti gari za zamani ndivyo zilivyo. Hapana! Gari halikujipiga ribiti lenyewe.

Nimemtumia picha zote. Nataka anirudishie fedha yangu, au arudie kazi mimi nikiwa nimesimama pale, na zulia lisirudi ndani mpaka niwe nimepitisha mkono kwenye kila mshono.