MJADALA: Taiti endi wa raundi za kati, apimwe kwa mipira aliyodaka au kwa watu aliowasukuma?

Mleta mada (Iowa City)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikikaribia Aprili ubishi huu unarudi palepale, kwa hiyo nimeona tuuweke mezani tuujadili kwa kina.

Kwa wasioifuata sana futiboli ya Kimarekani: drafti ni ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu 32 za NFL huchukua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu, raundi 7. Taiti endi ni yule anayesimama pembeni kabisa ya ukuta wa mbele. Mpira ukianza, mara nyingine kazi yake ni kumsukuma mlinzi ili mwenzake apite na mpira, mara nyingine anachomoka yeye mwenyewe kwenda kudaka pasi. Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, mfikirie namba mbili wa kupanda na kushuka: akijua kupanda tu, kocha halali, akijua kukaba tu, mashabiki hawamjui jina.

Swali langu linahusu raundi ya 3 hadi ya 5. Wale wazuri wasiobishaniwa wameshaondoka. Waliobaki kila mmoja ana dosari. Mmoja amedaka mipira mingi chuoni ila hapendi kugongana. Mwingine anagongana vizuri, ana mbio, ila takwimu zake za kudaka ni za aibu. Unamchukua nani?

Mimi namchukua wa pili, na nitasema kwa nini.

George Kittle alicheza hapa hapa Iowa. Katika miaka yake yote ya chuo alidaka mipira 48, yadi 737, tachidauni 10 (mara alizofunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho). Msimu wake wa mwisho, 2016, alidaka 22 tu. Kuna watoto wa vyuo wanaofikisha hiyo kabla Septemba haijaisha. Drafti ya 2017 ilipofika, taiti endi wanane waliitwa kabla yake, watatu kati yao katika raundi ya kwanza: O.J. Howard, Evan Engram na David Njoku. Kittle alisubiri hadi raundi ya 5, chaguo la 146, San Francisco 49ers wakamchukua. Mwaka wake wa pili alidaka mipira 88 kwa yadi 1,377. Hapakuwa na taiti endi aliyewahi kufikisha yadi hizo kwa msimu mmoja, mpaka Travis Kelce alipofika 1,416 mwaka 2020.

Sasa tujiulize, zile 48 zilikuwa zinapima nini? Kirk Ferentz amekuwa kocha mkuu hapa tangu 1999, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa ukuta wa mbele. Iowa hukimbia na mpira. Taiti endi hapa hufundishwa kusukuma kwanza, pasi zinakuja baadaye kama zikija. Kwa hiyo ile 48 ilikuwa inatueleza Iowa walimrushia Kittle mipira mingapi, basi. Haikugusa kabisa suala la nani angeweza kumkamata akishafungua miguu. Hilo lilionekana Indianapolis kwenye kambi ya vipimo: mtu wa kilo 112 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.52, na aliporuka mbele kutoka kusimama alitua karibu mita 3.35 kutoka alipoanzia. Timu zote 32 zilikuwepo na saa zao mkononi.

Kuna jambo moja watu wa takwimu hulipita haraka. Taiti endi anayejua kuzuia, yaani kuwasukuma walinzi, ni hatari zaidi kwenye pasi kuliko yule asiyejua. Akiwa uwanjani, ulinzi haujui kama ni mbio (mwenzake akimbie na mpira) au pasi. Mlinzi wa kati akimwona anashuka kusukuma, anasogea mbele kuziba njia, na papo hapo nyuma yake panabaki wazi. Asiyejua kuzuia, kocha anamtoa kila wakati wa mbio, na akirudi uwanjani wapinzani wote wanajua pasi inakuja. Nendeni mkatazame mechi nzima za mchezaji, si vipande vya dakika tatu vya mipira aliyodaka. Tazameni robo ya tatu, timu yake ikiwa nyuma, kocha amemwacha peke yake na mlinzi mkubwa wa ukingoni. Miguu yake inaendelea kusogea baada ya kugongana, au inasimama? Mimi hapo ndipo ninapoamua.

Karibuni.


Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Kaka, nakuheshimu ila hapa umetupa mfano mmoja uliofanikiwa ukaujengea nyumba. Kittle ni mmoja. Waliochaguliwa raundi za kati kwa sababu "anazuia vizuri na ana mwili" wakapotea bila mtu kukumbuka hata jezi yao, ni wengi mno, na hawana wa kuwasimulia.

Mimi nakuletea Mark Andrews. Oklahoma, 2017, mipira 62, yadi 958, na akapewa tuzo ya Mackey ya taiti endi bora wa vyuo. Kila mtu alikuwa analalamika kwamba hazuii, kwamba yeye ni mdakaji mkubwa tu aliyevaa namba ya taiti endi. Drafti ya 2018 Baltimore Ravens walimchukua Hayden Hurst chaguo la 25, halafu wakamchukua Andrews raundi ya 3, chaguo la 86. Timu moja, mwaka mmoja, nafasi ileile. Mwaka 2020 Hurst akauzwa Atlanta. Mwaka 2021 Andrews akadaka 107 kwa yadi 1,361. Ravens walipompata katikati ya drafti hawakupata msukumaji, walipata mtu aliyekuwa ameshaonyesha chuoni kwamba anajua kutafuta nafasi wazi na kudaka, mwaka baada ya mwaka.

Kuzuia kunafundishika. Mtu mzima wa miaka 22 mwenye mikono mibaya utamfundisha nini?

Tena tazama Kelce unayemtaja. Cincinnati, msimu wa mwisho wa 2012 ana mipira 45 na yadi 722. Raundi ya 3, chaguo la 63. Huyo naye takwimu zilikuwepo.


Mchangiaji (Nakuru)

Ndugu zangu, mimi nimecheza raga miaka mingi, namba tano, kwa hiyo hii ya kusukumana naielewa mwilini.

Dada wa Columbus anasema kuzuia kunafundishika. Mbinu ndiyo, inafundishika: weka mikono wapi, shusha nyonga vipi. Ule utayari wa kumfuata mtu aliyekuzidi kilo 15, mara 30 kwa mchana mmoja, ujue hakuna anayekushangilia, huo sijawahi kuona kocha akiuweka ndani ya mtu. Kwenye raga tulikuwa tunaujua wiki ya kwanza ya mazoezi.

Lakini nawe mleta mada, hii habari ya mbio na kuruka iangalie vizuri. Sisi Wakenya tuliishi na matumaini ya Daniel Adongo. Mwanaraga wetu, mwili wa ajabu, mbio, Indianapolis Colts wakamchukua 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Tulifurahi mno, nakumbuka magazeti ya hapa. Alicheza michezo michache tu ya ligi, kisha 2015 akaachwa. Mwili ulikuwepo. Kilichokosekana ni ile miaka ya kusoma mchezo, kujua mwenzako anakwenda wapi kabla hajaenda. Basi ukiniambia mchezaji wa raundi ya 4 ana sekunde 4.52, nitakuuliza ameanza kucheza nafasi hiyo lini, na chini ya mwalimu gani.


Mchangiaji (Mwanza)

Naomba kuuliza, maana mimi ni mgeni kwenye mchezo huu. Kwa nini mpoteze chaguo kabisa? Nilisoma Antonio Gates hakuchaguliwa na timu yoyote, alikuwa anacheza basketi chuo cha Kent State, San Diego wakamwokota 2003 bure, akamaliza na tachidauni 116. Si bora kusubiri wa bure?


Mleta mada

Mkuu wa Mwanza, karibu sana kwenye mchezo. Gates ni kweli kabisa, na hizo 116 hakuna taiti endi aliyezidi. Ila wa bure, timu zote zinaweza kumpigia simu usiku uleule, na yeye ndiye anayechagua pa kwenda. Chaguo la raundi ya 4 linakupa mtu unayemtaka wewe kwa mkataba wa miaka minne kwa mshahara mdogo. Hiyo miaka minne naomba tuishike, nitairudia.

Kaka wa Nakuru, hoja ya Adongo nimeipokea kwa mikono miwili. Sikusema vizuri. Mbio zenyewe hazitoshi. Bears walimchukua Adam Shaheen chaguo la 45 katika drafti ileile ya Kittle, jitu kubwa lenye wepesi kutoka chuo kidogo cha Ashland, na hakuwahi kuwa waliyemtarajia. Tofauti na Kittle ni kwamba Kittle alikuwa ameshapitia miaka ya kusukumana kila Jumamosi na walinzi wa Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa anamocheza Iowa, akifundishwa na watu ambao nafasi hii ndiyo kazi yao. Dallas Clark alitoka hapa raundi ya kwanza 2003. Mwaka 2019 T.J. Hockenson na Noah Fant walitoka hapa wote wawili raundi ya kwanza, chaguo la 8 na la 20. Sam LaPorta akafuata 2023, raundi ya 2. Kwa hiyo narekebisha: mwili, juu ya msingi wa kazi. Mwili peke yake nauacha mezani.

Sasa dada yangu wa Columbus. Andrews ni mfano mzuri na siupingi. Lakini umesema wenye takwimu ndio salama, basi turudi kwenye drafti hiyohiyo ya 2017. Michael Roberts wa Toledo alidaka tachidauni 16 katika msimu mmoja, 2016. Detroit wakamchukua chaguo la 127, nafasi 19 kabla ya Kittle. Hakudumu pale zaidi ya misimu miwili. Tachidauni 16 ni namba nzito, na ilipimwa dhidi ya nani? Ligi ya Mid-American. Wakati huohuo Kittle ana tachidauni 4 dhidi ya Michigan na Wisconsin za dunia hii.

Na hapa ndipo naleta ile miaka minne. Nafasi hii hukomaa taratibu, kwa sababu mtu anajifunza kazi mbili kwa pamoja. Jonnu Smith alichaguliwa namba 100 mwaka huohuo na Tennessee. Msimu wake bora kabisa, mipira 88 na yadi 884, aliupata 2024 akiwa Miami, timu yake ya nne. Tennessee walimlea, matunda yakavunwa kwingine. Wachezaji wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano kwenye mkataba. Wa raundi za kati haina. Basi unamhitaji mtu wa katikati ya drafti anayeweza kuingia uwanjani Septemba ya mwaka wake wa kwanza akiwa bado anajifunza. Nani huyo? Ni yule anayezuia. Atacheza dakika zake kwenye mbio na kwenye timu za mipira ya kupigwa teke, atazoea kasi, na kudaka kutakuja akiwa ndani. Mdakaji asiyezuia akishindwa kumpita mtu aliye mbele yake, anakaa benchi akivaa koti, na mwaka wa pili hivyo hivyo, na saa ya mkataba inatembea.


Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Hiyo ya muda umenigusa, kaka, nakubali ni hoja. Roberts pia nakubali, ingawa nami ningesema tachidauni si kipimo changu. Mimi naangalia yadi kwa kila njia aliyokimbia, yaani kila alipochomoka kwenda kudaka, na umri aliokuwa nao alipozipata. Aliyefanya vizuri akiwa na miaka 19 simweki sawa na aliyefanya akiwa na 23 dhidi ya watoto.

Bado hujanijibu jambo moja. Namba 145, kabla tu ya Kittle, Denver walimchukua Jake Butt wa Michigan. Alikuwa ameshinda Mackey, anadaka, na anazuia pia. Kwa kipimo chako na kwa kipimo changu, Butt alikuwa mbele. Ungekuwa kwenye kiti cha Denver ungemwita nani?


Mleta mada

Swali zito, na nitalijibu bila kujificha.

Butt aliumia goti, kano ya mbele ikakatika, kwenye mechi ya vyuo ya Orange Bowl mwishoni mwa Desemba 2016. Ndiyo sababu alikuwa bado yupo raundi ya 5. Goti halikumwacha, alirudi kuumia tena, na 2021 akastaafu akiwa kijana. Nilimpenda sana kama mchezaji, na nilikuwa namwogopa kila Iowa ilipocheza na Michigan.

Usiku ule, kwa niliyoyaona kwenye mechi zake, ningemwita Butt. Denver hawakukosea macho. Kanda zilisema kweli, na hakuna kanda inayoonyesha ndani ya goti. Kwa hiyo nakuachia hilo dada: kwenye karatasi yangu, ripoti ya daktari inapanda juu ya kuzuia na juu ya kudaka, na sikuwa nimeiandika kabisa nilipoanza mada.

Ila tukibaki na wawili wenye magoti mazima, mmoja ana mipira 62 na mwingine ana 22 na anamaliza kila mlinzi wa ukingoni anayepewa, bado nampigia simu wa 22. Wa Nakuru, wewe je?