Mayai ya kubeba: lipi linabaki tamu likishapoa?

Nasra_M

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kulinganisha. Natoka nyumbani mapema, na mlo wangu wa kwanza naula njiani au kazini, ambako hakuna jiko wala maikrowevu. Mayai nayapenda kwa sababu yanapikika haraka na yanashikilia tumbo: yai moja kubwa lina protini karibu gramu 6 kwa kalori kama 70 tu.

Tatizo ni mvuto. Ukifungua mkebe wenye yai la kuchemsha, harufu inatangulia, halafu kiini ni kikavu kiasi cha kukwama kooni. Mayai ya kuvuruga yakipoa yanatoa maji. Mkate wenye yai la kukaanga unalowa kabla sijaufikia. Sasa nafikiria kuendelea na la kuchemsha ila kwa ustadi zaidi, au kuoka vikombe vya mayai kwenye trei ya keki ndogo, au kimanda kilichoviringishwa ndani ya chapati, au saladi ya mayai kwenye mkate. Nataka kitu kitamu kikiwa baridi, kisichonuka, kinacholika kwa mkono mmoja, na kisichonidai muda asubuhi. Nyinyi mnaobeba chakula mmetulia kwenye kipi, na kwa nini?

Kikaango

Dada Nasra, hapo kwenye "kitamu kikiwa baridi" ndipo penye uamuzi wote. Mapishi mengi ya mayai yametungwa kwa mtu aliyekaa karibu na jiko. La kukaanga, la kuvuruga, kimanda laini: utamu wake uko kwenye joto. Ukiyapeleka safari unayaonea.

Yai linapoiva, protini zake hujifunga pamoja na kukamata maji katikati. Moto ukizidi zinajikaza na kuyakamua yale maji, ndiyo hayo unayoyakuta chini ya mkebe. Kwa hiyo yai la kubeba linahitaji mwenzake wa kunyonya na kulainisha: kiazi, maziwa, jibini, wanga kidogo. Ningeongeza chaguo la tano na kulitanguliza mbele ya yote uliyoyataja: kimanda kinene cha viazi. Unapika jioni, asubuhi unakata kipande na kuondoka. Kikipoa kinakuwa bora kuliko kikiwa moto, maana kiazi kimeshanyonya chumvi na mafuta, na kipande kimeshikana. Unakishika kama kipande cha keki, hakichuruziki, hakinuki.

Bi_Tatu

Jamani, yai la kuchemsha lisihukumiwe kwa sababu ya wanaolichemsha hadi linalia. Hiyo harufu ina chanzo chake. Ute una salfa, na ukipikwa muda mrefu hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyo kwenye kiini hutokea ule utando wa kijanikijivu unaozunguka kiini. Hauna madhara, ila ni ushahidi kwamba yai limepitiliza. Ukikuta kiini cha njano safi mpaka pembeni, harufu pia itakuwa ndogo.

Fanya hivi. Maji yachemke kwanza, ndipo utumbukize mayai taratibu kwa kijiko, upunguze moto yatokote polepole. Yakitoka kwenye friji, dakika 10 hadi 11 zinatosha: kiini kimeshika lakini bado kina unyevu, hakijawa unga. Yatoe moja kwa moja uyaingize kwenye maji baridi sana, yenye barafu kama ipo. Ukiyaacha kwenye sufuria ya moto yanaendelea kujipika yenyewe, na wengi wanaharibikiwa hapo.

Kuanza na maji yanayochemka kunasaidia pia kumenya, kwa sababu ute unaganda ghafla kabla haujashikamana na utando wa ndani ya ganda. Na msitumie mayai mabichi kabisa yaliyotagwa juzi. Yai likikaa, hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye ute inatoka kupitia vitundu vya ganda, ute unapunguza asidi, na ganda linaachia vizuri. Lililokaa wiki moja au mbili kwenye friji ndilo la kuchemsha. La leo likaange.

Kuhusu harufu ya mkebe: menya usiku, suuza, panguza kwa kitambaa safi, weka kwenye friji. Gesi iliyobaki inapungua ndani ya saa chache, hukohuko nyumbani. Kazini unafungua mkebe wa kawaida tu.

Juma.K

Mimi ni wa vikombe vya kuoka. Mayai 6 kwa trei ya matundu 6, maziwa robo kikombe, jibini, hoho, kitunguu, mchicha. Oveni nyuzi 180 kwa dakika kama 20. Vinakaa kwenye friji siku tatu nne, na vinakubali kugandishwa, jambo ambalo yai la kuchemsha halikubali kwa sababu ute wake ukigandishwa unakuwa mgumu kama mpira. Kwa mtu asiye na muda asubuhi hakuna kinachoshinda hicho. Unachukua viwili, unaenda.

Kikaango

Ndugu Juma, kwenye muda nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwenye utamu nina neno. Vikombe hivyo vimeumuka kwa mvuke. Vikitoka kwenye oveni vinasinyaa, na vikilala kwenye friji vinakaza. Aliye na maikrowevu anaweza kuvipasha kidogo vikalainika. Dada Nasra hana. Kwa anayekula baridi naona kikombe cha mayai kinatafunika kama wajibu.

Juma.K

Mkuu, hilo linatokea kwa anayeoka mpaka juu pageuke kahawia. Toa wakati katikati pametulia tu, pasitikisike ukisukuma trei. Halafu mboga zipitishwe kwenye kikaango kwanza. Mchicha, uyoga na nyanya vikiingia vibichi vinamwaga maji ndani ya yai, ndipo kikombe kinakuwa chepechepe chini na kigumu juu. Mchicha ukishanywea, ukamue kwa mkono. Na usiogope jibini. Mafuta yake yanazuia protini zisijikaze sana, hata kikiwa baridi unakula kitu laini. Jaribu pia kuponda kiazi kilichochemshwa ukichanganye humo. Utapata karibu kile unachokisifia, bila shughuli ya kugeuza kikaango.

Kikaango

Wazo la kiazi nimelipenda. Hapo tumekaribiana.

Rehema_N

Kabla hatujafika mbali, naomba niongee kuhusu usalama, kwa sababu dada Nasra anasema anakula njiani na hatujui chakula kinakaa saa ngapi. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba yai lililopikwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa 1 tu. Bakteria hukua kwa kasi kati ya nyuzi 4 na 60, na huko ndiko mkoba wa safari unakoishi. Hii inahusu hata la kuchemsha lenye ganda. Kuchemsha kunaondoa ule utando wa nje wa kinga, na vitundu vya ganda vinabaki wazi.

Dawa yake si ngumu: mfuko unaotunza baridi pamoja na kipande cha barafu ya kugandisha, au chupa ndogo ya maji iliyogandishwa ikawa barafu. Yai liwe limelala kwenye friji usiku kucha, si lililotoka jikoni sasa hivi. La kuchemsha lina siku 7 kwenye friji. Na kwa ya kubeba, achaneni na kiini kinachotiririka. Kimanda au vikombe vifike nyuzi 71 katikati. Asiye na kipimajoto akate aone hakuna majimaji ya yai.

Mtakaopasha kazini, msiweke yai zima la kuchemsha kwenye maikrowevu, hata kama limemenywa. Kiini kinahifadhi joto ndani na linaweza kulipuka ukiling'ata. Likateni kwanza.

Nasra_M

Asanteni sana, hasa Bi Tatu na dada Rehema. Nina mfuko wa baridi, kwa hiyo hilo litawezekana. Naona hakuna aliyegusa chapati wala saladi. Ni mbaya au mmezisahau?

Salim_Mkebe

Chapati si mbaya, ila ina masharti. Kwanza kimanda kiwe chembamba na kikavu: mayai 2, chumvi, na kijiko kidogo cha wanga wa mahindi uliokorogwa na vijiko viwili vya maji. Wanga unakifanya kimanda kiwe na mnyumbuko, hakipasuki ukikiviringisha, na hakitoi maji kikipoa. Pili, yai na chapati vipoe kila kimoja peke yake kabla ya kukutana. Watu wanaviringisha vikiwa moto, wanafunga kwenye foili, mvuke unakosa pa kutokea na unarudi kwenye unga. Hapo ndipo ulowevu unapoanzia. Nyanya mbichi isiingie. Tia kitunguu, majani ya giligilani, pilipili, au nyanya iliyokaangwa mpaka ikakauka.

Kwa kula kwa mkono mmoja huku unatembea, sijaona kinachoizidi. Unafungua foili kidogo kidogo kutoka juu. Kwa kuamka na kuondoka inashindwa, kwa sababu ikilala usiku kucha chapati inakuwa ngumu. Inataka dakika kumi za asubuhi, na lazima zipatikane.

Bi_Tatu

Saladi ya mayai naipenda lakini si kwenye mkate uliofungwa tangu alfajiri. Iweke kwenye mkebe mdogo, mkate pembeni, ukutanishe wakati wa kula. Ukitaka kuufunga kabisa, paka siagi pande zote za ndani mpaka kwenye kingo. Mafuta yanazuia maji kuingia kwenye mkate. Ponda mayai kwa uma yabaki vipande, tia mtindi mzito au mayonezi, haradali kidogo, ndimu, na kitu cha kutafuna kama tango lililotolewa mbegu au kitunguu kibichi. Bila hicho cha kutafuna saladi inachosha kabla hujafika nusu.

Na hapo nitamjibu Nasra kuhusu mvuto kwa ujumla. Yai baridi lina mafuta na ulaini, lakini halina ukali wala mkwaruzo. Baridi pia inapunguza ladha. Mtu analila na chumvi tu kisha anasema mayai hayavutii. Beba kifuko cha kuchovyea: chumvi, pilipili manga, bizari ya pilau na pilipili ya unga. Au ufuta uliokaangwa na chumvi. Chovya kila unapong'ata. Yai lilelile la dakika 10 linakuwa chakula cha kutamani.

Wanja_7

Naongezea la kulowekwa. Menya mayai ya kuchemsha, yaloweke usiku kwenye sosi ya soya na maji nusu kwa nusu, tangawizi, kitunguu saumu na sukari kidogo. Ute unageuka kahawia, chumvi inaingia, hata kifuko cha viungo hukihitaji. Ya siki nayo ni matamu, pamoja na kiazi sukari chekundu (bitiruti) yanatoka na rangi ya waridi.

Rehema_N

Ya siki yakae kwenye friji wakati wote, dada, na yasitobolewe kwa kijiti ili "yaingie ladha". Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mtu aliugua botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria, kutokana na mayai ya siki aliyoyatengeneza nyumbani. Yalikuwa yametobolewa kwa vijiti na kuachwa kwenye joto la kawaida. Siki inachelewa kufika kwenye kiini, na tundu linaingiza vijidudu ndani pasipo hewa wala asidi. Mazima, ndani ya friji, hayana tatizo.

Nasra_M

Nimeamua. Mwanzoni mwa wiki kimanda cha viazi, siku zinazobaki mayai ya kuchemsha ya dakika 10 na kifuko cha Bi Tatu. Ya soya nitayajaribu. Vikombe nitaviacha mpaka nipate mahali pa kupashia, na chapati ni ya siku nitakazokuwa na nafasi asubuhi. Saladi naona ni ya nyumbani zaidi.

Kikaango, nipe vipimo, na unageuzaje bila kukivunja?

Kikaango

Kikaango cha sentimita 20 hadi 22, kisichogandisha. Mayai 6, viazi kama nusu kilo, kitunguu kimoja kikubwa. Kata viazi vyembamba, vipike na kitunguu kwenye mafuta mengi kwa moto mdogo mpaka vikatike kwa uma bila kubadilika rangi, kisha chuja. Mafuta yatunze, yatafaa tena. Piga mayai na chumvi, vitie viazi vikiwa vuguvugu, viache vilowane kwa dakika 10 au 15. Usiruke hatua hii, ndiyo inayounganisha kiazi na yai.

Mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, funika. Kingo zikishika na katikati pakibaki kidogo tu pa kutikisika, funika kwa sahani bapa iliyo pana kuliko kikaango, shika sahani kwa kiganja kizima, pindua mara moja bila kusita, halafu kitelezeshe kirudi upande wa pili. Ukihofia, kamilishia juu kwenye oveni. Kiive katikati kabisa kwa ajili ya yale aliyosema dada Rehema.

Kiache kipoe kwenye waya, si kwenye sahani, chini pasilowane. Kikishapoa, na kabla saa mbili hazijaisha, kiingie friji kikiwa kizima. Kata asubuhi, robo moja inatosha mtu mmoja. Kifuko cha viungo kibebe hata siku hiyo, ila punguza chumvi ndani yake.