Kikundi cha Ukoo wa Babu: suala la Elia na wavuvi wenzake wa Kibirizi, Kigoma

ALHAMISI

Shangazi wa Mwanga, 12:41 asubuhi: Tumsifu Yesu Kristo. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho kabla ya kuanza kutuma picha za watoto. Sasa ni mbalamwezi na mitumbwi imepumzika, lakini giza likirudi wiki ijayo wenzake Elia wataingia majini, na yeye ameambiwa abaki nchi kavu kwa sababu alikataa dawa ya mganga. Napendekeza tukutane kwangu Jumapili baada ya misa ya pili, na kila kaya itoe shilingi 20,000 ili kijana apate mtaji wa kununua dagaa wabichi na kuanika, wakati akitafuta chombo kingine.

Shangazi wa Mwanga, 3:20 asubuhi: Naona watu 14 mmeshasoma. Kusoma si kujibu.

Mama Elia, 3:34 asubuhi: Milele amina, wifi. Nimesoma, na nashukuru.

Baba Mdogo wa Kasulu, 5:02 asubuhi: Shikamoo dada. Kabla ya kuzungumzia fedha, ningependa kijana mwenyewe atueleze alichokikataa, kwa maana nilivyosikia mimi ni maji ya majani tu. Wavuvi wa mwambao ule wamekuwa wakizindika vyombo vyao, yaani kuvikinga kwa dawa, tangu sisi hatujazaliwa, na wengi wao Jumapili wako kanisani kama kawaida.

Kaka Daudi wa Dar, 5:05 asubuhi: Nami ningependa kujua kama ile migebuka tuliyotumiwa wakati wa Krismasi ilivuliwa na chombo kilichozindikwa, kwa sababu kwangu ililiwa yote na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza.

Binamu Joyce, 5:06 asubuhi: Kaka Daudi, wewe hukuuliza hata bei yake.

Shangazi wa Mwanga, 5:08 asubuhi: Migebuka iachwe. Elia, andika.

Elia, 7:45 mchana: Shikamooni nyote. Siku ile tulikaa nyuma ya vichanja vya dagaa, watu 8, na kidumu cha lita 3 chenye ile dawa kikawa kinazunguka mkono kwa mkono. Kila mmoja alikuwa anapiga funda, anataja jina la mtu wa kwao aliyekufa, kisha anaruka wavu. Kilipofika kwangu nikakipitisha kwa jirani yangu bila kusema neno. Sikumhubiria mtu. Kiongozi wa chombo ndiye aliyeniuliza mbele ya wote kwa nini sinywi, nikamjibu kwamba mimi ni Mkristo na siwezi kumwomba marehemu anipe samaki. Kilichoniuma si yeye, kwa sababu yeye haamini chochote na halifichi hilo. Kilichoniuma ni kwamba 3 kati ya wale waliocheka tulipata kipaimara siku moja, na mmoja wao ndiye anayetupigia kinanda kwaya. Aliniambia, Elia, kanisani ni kanisani na ziwani ni ziwani. Tangu siku hiyo wananiita Baba Askofu, na mboga yangu ya asubuhi, yaani fungu langu la samaki, ikawa inagawanywa kabla sijafika. Usiku miwili iliyofuata tulipata dagaa kidogo sana, wakasema nimewafunga wasipate samaki.

Mama Elia, 7:51 mchana: Mwanangu hili la mboga hakuniambia. Alikuwa akirudi mikono mitupu na kusema ameshakula huko huko.

Baba Mdogo wa Kasulu, 8:10 mchana: Nampa pole. Lakini naye angeweza kuijaza kinywani na kuitema nyuma ya mtumbwi, na Mungu anayeona moyo angeelewa. Kijana asiye na chombo, asiye na shamba, anashindana na watu 7 wanaomlisha kwa faida ya nani? Halafu naona tumeanza michango tena, wakati mchango wa injini hadi leo haujasomewa hesabu.

Shangazi wa Mwanga, 8:12 mchana: Risiti ya injini ipo, na jina lililoandikwa juu yake ni la mtu aliyemo humu ndani anayeuliza maswali.

Mama Elia, 8:13 mchana: Nawasihi, ya injini tusiyafufue. Aliyeyajua yote tulimzika.

Binamu Joyce, 8:40 mchana: Mimi nitatoa 10,000 sasa na nyingine mwisho wa mwezi.

Mjomba Hamisi wa Ujiji, 10:25 jioni: Asalaam aleikum. Nimechelewa, nilikuwa sokoni. Mimi ni mkwe tu katika ukoo huu na dini yangu ni nyingine, lakini kwetu pia kumwomba maiti ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na katika kijiwe chetu wapo vijana wanaonyweshwa kidumu hicho hicho kwa kuogopa kuchekwa. Kuhusu dagaa, mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Dagaa walipungua kwa kuvuliwa mno, na sikumbuki mtu yeyote akisema ni kwa sababu kijana fulani alikwenda misa. Usiku ule Elia alioambiwa amewafunga, mwezi ulikuwa umeshaanza kukua, na kila mvuvi anajua taa haziwavuti dagaa kunapokuwa na mwanga wa mwezi.

Shangazi wa Mwanga, 10:27 jioni: Ahsante shemeji. Nilitaka hilo lisemwe na mtu mzima.

Neema (kwa simu ya Babu), 1:15 usiku: Babu amesomewa yote na anasema niandike kama alivyotamka, nisiongeze.

Neema (kwa simu ya Babu), 1:22 usiku: "Nilifundisha dini miaka mingi, na watoto wote niliowafundisha niliwasimulia habari za Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Wengi hukumbuka moto. Mimi nataka mkumbuke kwamba wale walikuwa vijana wa ikulu, waliokula chakula cha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yule yule aliyewahukumu. Kizito, mmoja wao, alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Hakuna aliyewafundisha kutema nyuma ya mtumbwi, na wewe mwanangu wa Kasulu usimfundishe hivyo mjukuu wangu. Na wewe Elia, nimeambiwa unadaiwa na kiongozi wa chombo shilingi 45,000 za tangu Pasaka. Deni hilo lilipwe kwanza, mkononi mwake, mbele ya wale waliokuona ukikataa kidumu, ili asije mtu akasema umekimbia deni ukajificha nyuma ya Kristo. Mpiga kinanda msimtukane. Mwambieni aje kwangu."

Kaka Daudi wa Dar, 3:48 usiku: Shikamoo Babu. Nilikuwa nimeandika utani kuhusu Kabaka Mwanga na Shangazi wa Mwanga, nimeufuta.

Elia, 4:05 usiku: Marahaba ya Babu nimeipokea. Deni ni la kweli.

IJUMAA

Shangazi wa Mwanga, 12:30 asubuhi: Basi mpango unabadilika. Fedha za kwanza zitakazoingia ni za deni, mtaji utafuata. Hadi sasa nina ahadi ya Joyce, 20,000 zangu, na Mjomba Hamisi ameniambia atatoa ndoo 2 za dagaa badala ya fedha. Kesho Jumamosi saa 4 asubuhi Elia anakwenda Kibirizi kulipa, na hawezi kwenda peke yake. Nani anamsindikiza?

Mama Elia, 1:10 asubuhi: Ningekwenda mimi, lakini watasema kaletwa na mama yake.

Baba Mdogo wa Kasulu, 6:55 mchana: Nauli ya kutoka Kasulu na kurudi nani atanilipia?

Shangazi wa Mwanga, 6:56 mchana: Je, hiyo ni ndiyo?

Baba Mdogo wa Kasulu, 9:30 alasiri: Nitaangalia hali ya mvua, kisha nitasema usiku.

Kaka Daudi wa Dar, 2:17 usiku: Samahanini, kikao cha Jumapili ni saa ngapi?

Shangazi wa Mwanga, 2:18 usiku: Nimeshaandika juu. Na wewe bado hujatuma.