Naunda mashine ya ngoma ya kubeba begani, spidi inagoma. Msaada wakuu

Dogo wa Mbagala
Habari za muda huu wakuu. Naunda kimashine cha kupiga singeli popote bila kompyuta. Kina Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), vitufe 16, kioo cha OLED cha nukta 128 kwa 64, betri moja ya 18650 na bodi ya kuchajia TP4056, pamoja na amplifaya PAM8403. Vyote viko ndani ya kasha la redio mbovu.

Kinalia, ila spidi ndiyo kizungumkuti. Nikiweka mapigo 100 kwa dakika nikapima kwa simu napata 86. Nikiweka 240 napata 172. Halafu nikichomeka chaja wakati kinapiga, spika inaunguruma. Nibadilishe bodi? Pia nataka nitoe vitufe niweke piezo (visahani vinavyotoa umeme vikigongwa) nipige kwa vidole, na niweke tundu la kwenda kwenye miksa. Mfuko wenyewe mnaujua.

Chuma Chakavu
Singeli ya 172? Manzese watakuuliza kama betri imeisha. Pakua aplikesheni ya simu dogo, upumzike.

Fundi Redio
Mwache aunde bwana.

Dogo, namba zako zimeshasema zenyewe. Kwa stepu (vipande vya mdundo) nne kila pigo, spidi 240 ni milisekunde 62.5 kwa stepu. Wewe unapata 172, yaani kama 87. Kwenye 100 ilitakiwa 150, unapata kama 174. Pengo ni lilelile, karibu 25, uende taratibu au mbio. Kwa hiyo kuna kazi moja inajirudia kila stepu, na nadhani ni kioo. Picha nzima ya kioo hicho ni baiti 1024. Kwenye I2C (waya mbili za kupeleka data kiooni) ya kHz 400 inakula milisekunde 23 na ushee. Kama umetumia delay() (amri ya kuifanya programu isimame ingoje), muda huo unapanda juu yake.

Toa delay(), tumia micros(), saa ya ndani ya bodi. Muda wa stepu inayofuata upate kwa kujumlisha na muda uliopangwa wa stepu iliyopita, usijumlishe na muda wa sasa, la sivyo kila kuchelewa kidogo kunarithiwa na stepu za mbele. Kioo usikichore chote. Badilisha namba iliyobadilika tu, tena sauti ikishatoka.

Bi Amplifaya
Spidi Fundi ameshamaliza. Mimi niko kwenye sauti.

Uno ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya KB 2, na picha ya kioo peke yake inaweza kumeza nusu. Ukitaka kiki (mlio wa ngoma kubwa) iliyorekodiwa vizuri hamia bodi ya Raspberry Pi Pico. Mlio wa nusu sekunde, mono, biti 16 kwa kHz 44.1, ni KB 44 hivi; Pico ya kawaida ina hifadhi ya MB 2, kwa ngoma ni tele. Ina kori (vichakataji) mbili: moja ipige, nyingine ihangaike na kioo. Ila ni ya volti 3.3, usiipelekee ishara za volti 5.

Sauti itoe kwa PCM5102A (chipu ya kugeuza data kuwa sauti), hapo ndipo uchukue waya wa miksa. PAM8403 ibaki na spika ya ndani. Hasi yake ya spika SI graundi, ukiigusisha na ganda la jeki unaweza kuiunguza amplifaya.

Mngurumo: jaribu kuchajia kwa pawabenki. Ukikoma, mchawi ni adapta. Hata hivyo zima ndipo uchaji, maana TP4056 hukata mkondo ukipungua, na mashine ikinyonya betri hiyohiyo haijui kama imejaa.

Piezo weka tatu tu, Pico ina pini tatu za kusoma analogi zilizo wazi: kiki, snea (ngoma ndogo ya mlio mkali), haihati (matoazi). Kila moja rezista ya megaohm 1 sambamba nayo, halafu rezista ya mfululizo na zena (kifaa cha kuzuia volti zisizidi) ya volti 3.3 kabla ya pini, maana ukigonga kwa nguvu inarusha volti nyingi. Chini weka sponji, usipige kiki snea ikaitika.

Dogo wa Mbagala
Fundi, delay() nimetoa na kioo nimekipunguzia kazi. 240 sasa ni 240! Dada, Pico nafuata mwisho wa mwezi. Kimebaki kituko kimoja: nikibonyeza vitufe vitatu pamoja, cha nne kinajilia chenyewe. Nimeviunga kwa gridi, mistari minne kwa minne.

Fundi Redio
Gridi bila dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndivyo ilivyo, umeme unazunguka kupitia vile vitatu na kurudi kwenye cha nne. Nunua dayodi za 1N4148, moja kwa kila kitufe, ule mstari mweusi uelekee upande mmoja kwenye zote. Kitufe utakachogeuzia dayodi hakitasomeka, utakijua hapohapo.