Watoto wa chekechea: kuiga wanaweza, wakiambiwa watunge wananyamaza

mwl_wadogo
Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha watoto wa miaka minne hadi sita. Nyimbo wanazijua, na siku ya hafla wanapendeza. Shida inaanza nikisema, "Haya, nani atatutungia wimbo wake?" Darasa zima kimya, mmoja anatafuna kola ya shati. Nikiwagawia kayamba, ngoma na ile marimba ndogo wapige wapendavyo, inakuwa vurugu mpaka mwalimu wa darasa la pili anagonga ukuta. Muziki sikusomea, noti sizijui. Ubunifu unafundishika kweli, au niwape nyimbo tu ningoje wakue?

sauti_ya_nne
Weka ala kabatini kwanza. Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alijenga elimu yote ya muziki juu ya kuimba, na alikuwa na sababu. Waimbe sawasawa, ubunifu utafuata. Mtu hatungi shairi kwa lugha asiyoijua.

gonga_mbao
Mwalimu, usikate tamaa. Ndugu yangu hapo juu namuunga mkono nusu: kuimba kutangulie. Lakini mtoto hangoji kuijua lugha yote ndipo aanze kusema. Anaropoka na maneno mawili aliyonayo, na sisi tunamwelewa.

Swali lako ndilo kubwa mno. "Nani atatutungia wimbo" hata mimi ningetafuna kola. Mpunguzie uwanja.

Anza na wimbo wanaoujua. Kama kwenye wimbo huo paka analala, muulize mmoja: leo paka anafanya nini? Akisema anapiga chafya, darasa zima linaimba paka anapiga chafya. Tayari amebadilisha wimbo na wenzake wameufuata.

Kisha makofi. Wewe unapiga mapigo manne, yeye anajibu manne, na sharti ni moja: yasiwe yako. Wengine wanashika mapigo kwa kupiga mapaja ili jibu lisipotee. Angalia mwendo. Mapigo ya asili ya mtoto mdogo ni ya haraka kuliko yako, ndiyo maana ukiwaburuza taratibu wanakukimbia. Mwambie mmoja akatize chumba kwa mwendo wake, wenzake wafuate nyayo zake kwa mapaja. Jaques-Dalcroze, yule mwalimu wa Geneva, alishika njia hii ya kuanza na mwili mzima, na chekechea sijaona inayoishinda.

Sasa marimba. Jaribu kuinua vipande vyake. Nyingi za darasani zinafuata mtindo wa mtunzi Carl Orff wa Ujerumani, na vipande vinatoka. Ondoa fa na ti zote, ubaki na do, re, mi, so, la. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pana nusu toni tu, yaani hatua fupi kuliko zote kwenye ngazi hiyo ya sauti, na hizo ndizo zinazogombana zaidi zikilia pamoja. Zikitoka, watoto wawili wanaweza kugonga popote pale kwa wakati mmoja na hakuna atakayeziba masikio. Kama vimepigiliwa, bandika utepe wa rangi kwenye zile za kuruka. Wawili wawili tu kwenye marimba! Ishirini wakishika ala kwa mpigo hilo si somo, ni adhabu yako.

Kingine, usitoe maelezo kayamba zikiwa mikononi. Mtoto mwenye kayamba hakusikii. Ala zikae sakafuni, eleza, ndipo ziinuliwe. Halafu mmoja awe kiongozi: mkono juu wote wapige, mkono chini kimya. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka mitano anavyoufurahia ule ukimya anaoutawala mwenyewe.

Akimaliza kupiga chake, usiishie "vizuri sana", maana hata hajui kizuri ni kipi. Mwambie ulichosikia: "Umepanda, ukaachia juu. Ulitaka iishie hapo?" Mara nyingi atarudia na kubadilisha mwisho.

mwl_wadogo
Asante sana, nitaanza na paka. Wakitunga kitu kizuri nakihifadhije, na noti sijui? Pia nina mtoto anaimba kwa sauti moja tu, nzito, toka mwanzo hadi mwisho. Nimeshauriwa siku ya hafla achezeshe midomo bila kutoa sauti.

gonga_mbao
Wachore wenyewe. Mstari mrefu kwa sauti ndefu, nukta kwa fupi, ikipanda mchoro upande. Kesho yake mpe mwenzake karatasi ile aisome kwa sauti. Wakibishana kuhusu mstari, waache wabishane.

Huyo mwenye sauti moja usimfumbe mdomo, tafadhali. Tazama kwanza unaanzia wapi. Watu wazima tunaanzisha nyimbo chini kwa sababu ndiko tuliko sisi, na watoto wengi wa umri huo wako huru zaidi juu kidogo, kama kati ya re iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda na la inayofuata. Yeye mtafute mahali alipo: aimbe sauti yake, wewe umfuate hapo hapo, kisha mpande pamoja kwa "uuu" ndefu ya king'ora. Wengi hawajawahi kusikia sauti yao ikilingana na ya mtu mwingine.

sauti_ya_nne
Hapo kwenye king'ora tumekubaliana.

mama_wa_mapacha
Samahani kudandia. Wangu mmoja akicheza na matofali yake anaimba mchana kutwa, maneno hayana kichwa wala miguu, na haurudii hata mmoja. Hilo nalo mnalihesabu?

gonga_mbao
Dada, huyo anatunga mchana kutwa! Kaa karibu, fanya kazi zako. Akinyamaza kidogo, mwimbie kipande kimoja chake kama ulivyokisikia, uone ataongeza nini. Ila usimwite sebuleni awaimbie wageni.